Kuyapa Maandishi ya Akili Unde Sauti ya Mtu: Uhakiki wa Karatasi Moja ya Maagizo

Utangulizi

Makala haya yanahusu karatasi moja isiyokuwa na jina la mwandishi wala tarehe. Tangu mwaka wa masomo uliopita karatasi hiyo imekuwa ikipita mikononi mwa wanafunzi wa idara yetu, kwanza ikitumwa kutoka simu hata simu, kisha ikapigwa chapa na kuuzwa katika vibanda vya fotokopi vilivyo karibu na lango la chuo. Inafundisha namna ya kuyafanya maandishi yaliyotungwa kwa msaada wa mashine yasomeke kana kwamba yametungwa na mtu. Ina maagizo kumi na moja, na aliyeiandika, awaye yote, si mjinga. Amewasoma walimu wake vizuri, anajua wanachokitafuta wanaposahihisha.

Tuna sababu mbili za kuihakiki. Ya kwanza ni ya kitaaluma: karatasi hii, bila ya kutaka, imetoa nadharia ya uasilia wa lugha, yaani imetueleza ni kitu gani kinachomfanya msomaji wa Kiswahili aseme "hapa pana mtu". Nadharia ya namna hiyo inastahili kupimwa kama nyingine yoyote. Sababu ya pili tutaieleza mbele, kwa kuwa inatuhusu sisi wenyewe na haituletei sifa.

Neno moja juu ya istilahi. Akili inayozungumzwa hapa imekwisha kupewa majina matatu katika Kiswahili cha leo: akili bandia, akili mnemba na akili unde. Tumechagua la mwisho. Bandia ni sanamu ya kuchezea watoto, na tena ni kitu cha uongo kilichofananishwa na cha kweli, kama vile noti bandia; jina hilo hutoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa. Unde latokana na kitenzi kuunda, nalo halisemi zaidi ya kwamba kitu hicho kimeundwa.

Kiswahili cha mashine

Programu ya ChatGPT ilitolewa kwa umma mwezi Novemba 2022, na nyingine za aina yake zikaifuata. Zote hufanya kazi kwa kukadiria: zikishapewa maneno yaliyotangulia, hukadiria kipande cha neno kinachoelekea kufuata, kisha kingine, hadi aya itimie. Baada ya kufunzwa kwa wingi wa maandishi, hufunzwa tena kwa hukumu za watu wanaopima majibu na kusema lipi ni bora. Kwa hiyo hujifunza adabu ya mtu anayezungumza na watu wote kwa mara moja na asiyetaka kumkwaza hata mmoja wao. Maandishi zilizolishwa ni ya Kiingereza kwa sehemu kubwa. Kiswahili kilichomo katika intaneti ni kidogo mno kikilinganishwa na Kiingereza, na hicho kidogo aghalabu ni cha magazeti, cha idhaa za habari, cha vitabu vya dini na cha tafsiri.

Mwanzoni Kiswahili cha mashine kilikuwa na makosa ya ngeli ambayo mtoto wa shule asingeyafanya. Leo ngeli zimekaa sawa, na hapo ndipo penye tatizo, kwani kosa la sarufi lilikuwa alama rahisi kuonwa. Tuliiomba programu mojawapo ituandikie aya fupi juu ya biashara ya samaki mjini Kalemie. Ilianza hivi: "Uuzaji wa samaki una jukumu muhimu katika maisha ya wakazi wa Kalemie. Si tu kwamba unachangia uchumi wa familia, bali pia unaimarisha mshikamano, utamaduni na maendeleo ya jamii. Hata hivyo, wauzaji wanakabiliwa na changamoto mbalimbali, zikiwemo mabadiliko ya hali ya hewa, miundombinu duni na ukosefu wa masoko."

Hakuna kosa kubwa hapo. Lakini msomaji aliyezaliwa ndani ya lugha hii anasikia lugha nyingine ikisema chini yake, kama mtu anavyoisikia redio ya jirani nyuma ya ukuta. Vitu huja vitatu vitatu. Kiima hutangulia, kitenzi hufuata, yambwa huja nyuma, kila kitu mahali pake kama askari kwenye gwaride. Hakuna samaki hata mmoja aliyetajwa kwa jina. Aya hii ingewafaa wauzaji wa pamba au wa simu za mkono bila ya kubadilishwa zaidi ya neno moja au mawili.

Tukitazama kwa jicho la mwanaisimu, kilichokosekana ni kitu mahsusi kuliko hayo. Kiswahili kina zana nyingi za kisarufi ambazo msemaji hawezi kuzitumia isipokuwa ana msikilizaji anayemjua. Hebu tulinganishe "nimesoma kitabu" na "kitabu nimekisoma". Sentensi ya pili haiwezi kuambiwa mtu asiyejua ni kitabu kipi. Kile kiambishi -ki- ni makubaliano baina ya watu wawili. Vivyo hivyo, anayesema "kuna wageni wengi ndani ya nyumba" anatoa habari tu, lakini anayesema "nyumbani mmejaa wageni" ameingia, au angalau amechungulia mlangoni. Kionyeshi "huyo" hakitajwi ila kwa mtu aliyekwisha kutajwa baina yetu. "Ndiye" hujibu swali alilo nalo msikilizaji moyoni, hata kama hajalitamka. Na -ka- ya masimulizi, "akaja, akakaa, akanyamaza", humshika msikilizaji mkono na kumtaka afuate.

Mambo haya hufundishwa mwaka wa kwanza, chini ya vichwa mbalimbali vya mofolojia na sintaksia. Lisilosemwa mara nyingi ni kwamba yote yana asili moja: yanachukulia kuwa kuna mtu wa pili, na kuwa anajua jambo fulani. Mashine haikosi kuyajua maumbo haya. Ukiitaka ikutajie viambishi vya yambwa, itakutajia bila ya kukosea. Lakini inapoachwa iandike yenyewe huyaepuka, kwa sababu haijui inasema na nani, na mtu asiyemjua msikilizaji wake hufanya salama kueleza kila kitu kwa ukamilifu. Sisi wenyewe huandika hivyo tunapoiandikia serikali barua.

Maagizo ya karatasi

Tukiwa na kipimo hicho, turudi kwenye karatasi yetu. Hatutayapitia maagizo yote. Lile linalotaka sentensi zipishane, fupi kisha ndefu kisha fupi, halihitaji maelezo mengi: mwendo wa sentensi hutokana na jambo linalosemwa, na anayeupanga kwa hesabu hutoa ngoma inayopigwa na mtu asiyeitazama miguu ya wachezaji. Yapo pia maagizo mawili juu ya mpangilio wa kurasa ambayo ni ya werevu wa kawaida tu.

Agizo linalokataza maneno fulani lina jambo la kuchekesha. Mwanafunzi anaambiwa afute "aidha", "vilevile", "hata hivyo" na "kwa kuongezea", ati ndiyo yanayomfichua. Kuhusu "kwa kuongezea" tunakubali bila ya ubishi. Lakini "aidha" na "vilevile" yalijaa katika majarida ya Kiswahili tangu kabla wanafunzi hawa hawajazaliwa, na walimu wetu waliostaafu waliyaandika kwa mkono, kwa wino. Ikiwa neno "aidha" ni ushahidi, basi nusu ya rafu za maktaba yetu imeandikwa na mashine. Mwandishi wa makala haya analipenda neno hilo wala hakusudii kuliacha.

Agizo la nne linataka kila neno la kawaida libadilishwe kwa kisawe chake, na linataja programu zinazoifanya kazi hiyo zenyewe. Mtu aliyelibuni alikuwa akifikiri kwa Kiingereza au kwa Kifaransa. Katika Kiswahili nomino haiondoki peke yake. Huondoka na jamaa zake wote. Tuchukue sentensi "shida hii kubwa imetusumbua". Weka "tatizo" mahali pa "shida", nawe huna budi kusema "tatizo hili kubwa limetusumbua". Programu duni huacha "tatizo hii kubwa imetusumbua". Tumeona sentensi za namna hiyo katika kazi tatu za mwaka huu. Mwenzetu mmoja alizitetea, akisema kwamba hicho ndicho Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho hakifuati ngeli. La hasha. Kiswahili cha Lubumbashi kina upatanisho wake, nao una taratibu: "bantu banakuja", "bile bintu", "katoto" mmoja na "tutoto" wawili. Kupoteza upatanisho wa lugha moja si kuingia katika utaratibu wa lugha nyingine.

Hapo tunafikia agizo ambalo linatugusa zaidi sisi wa Kongo. Linasema: tia makosa machache ya tahajia, changanya na Kifaransa kidogo, ili mwalimu aone kuwa ni mtu wa hapa. Agizo hili lina sehemu mbili, na kila moja ina jibu lake katika kazi zilizokwisha kufanywa juu ya mji wetu.

Kuhusu makosa ya tahajia, tunayo hati ya pekee. Mwaka 1965 André Yav aliikusanya historia ya mji wa Elisabethville kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu. Johannes Fabian aliihariri na kuitoa mwaka 1990 pamoja na tafsiri yake. Ni Kiswahili cha Katanga kilichopigwa taipu bila ya kanuni thabiti ya tahajia. Maneno yanaungana mahali ambapo yangetengana na kutengana mahali ambapo yangeungana, hata ikabidi Kalundi Mango, aliyeshirikiana na Fabian, aisome kwa sauti ili maneno yarudi kuwa maneno. Mtu anayeitazama juu juu anaweza kusema kwamba mtu yumo katika makosa hayo. Lakini tahajia ile ni ukungu tu. Ukiisikia ikisomwa, unamsikia mtu anayewaambia wenzake waliofanya kazi moja mambo ambayo walio nje ya kazi hiyo hawakuwaamini. Uisahihishe tahajia yote, Yav atabaki. Zitie tahajia zake katika aya yetu ya samaki, na hakuna atakayejitokeza.

Kuhusu Kifaransa, Vincent de Rooij alichunguza mazungumzo ya wasomi wa Lubumbashi katika kitabu chake cha mwaka 1996. Alionyesha kwamba viunganishi vya Kifaransa, "mais", "donc", "puisque" na vinginevyo, havitiwi ovyo katika Kiswahili chetu. Kwa kuwa vinatofautiana na lugha inayovizunguka, husikika wazi, na hivyo humwonyesha msikilizaji mahali hoja inapogeuka. Kifaransa chetu hicho, ambacho walimu wa Kiswahili sanifu hukilaumu, ni alama za barabarani kwa mtu wa pili. Karatasi inataka kiwe chumvi. Mwanafunzi mmoja aliyelifuata agizo hilo ameandika "donc" mara nne katika ukurasa mmoja, na hakuna hata mara moja ambapo lililofuata lilitokana na lililotangulia.

Agizo la methali linafuata njia ileile. Linataka kila sura ianze na methali, na mashine hutoa methali kwa wingi kama mfuko uliotoboka. Lakini tujiulize methali hutumiwaje kwetu. Mzee anapokuwa na neno zito la kumwambia mtu mbele ya watu, husema "haba na haba" akanyamaza. Kibaba hakitaji. Nusu ya pili ni ya msikilizaji, naye akiitimiza moyoni amekwisha kukiri kwamba neno linamhusu. Methali iliyoandikwa kwa ukamilifu juu ya sura ya kwanza, ikafuatiwa na maelezo ya maana yake, imeandikiwa mgeni.

Utaona basi kwamba maagizo haya yote yana kasoro moja. Yanauchukua uasilia kuwa rangi inayopakwa juu ya ukuta uliokwisha kujengwa.

Kosa letu

Hapa naomba ruhusa ya kuacha kusema "sisi", kwa kuwa jambo hili nilitenda peke yangu.

Katika kipindi cha kwanza cha mitihani cha mwaka uliopita nilisahihisha kazi ya msichana mmoja anayetoka Kalemie. Iliandikwa kwa Kiswahili sanifu safi, chenye "aidha" na chenye "lau kama", bila kosa la tahajia katika kurasa kumi na nane. Nilikuwa nimekwisha kusoma kazi ishirini siku hiyo, nyingi zikiwa na harufu ya mashine, na usafi wa hii ulinitia hasira badala ya furaha. Nilimpa sufuri. Pembeni niliandika maneno manne ambayo sitayarudia hapa.

Alikuja ofisini na madaftari matatu. Hakulia wala hakupaza sauti. Alisema, "Mwalimu, nilidhani kuandika vizuri ndiyo kazi tuliyopewa." Kisha akaniuliza ni sentensi ipi iliyonifanya nimdhanie vibaya. Nikafungua ukurasa wa sita na kumwonyesha moja, ambayo naiandika hapa kwa idhini yake: "Ndagala hao, mvua ikiwanyeshea mchangani, muuzaji huwauza siku hiyohiyo, maana kesho hawana wa kuwanunua." Nilimwambia kwamba mtu wa umri wake haandiki hivyo. Akajibu kwa lugha ya nyumbani: "Njo vile bibi anasemaka."

Mwanaisimu aitazame sentensi hiyo kama nilivyopaswa kuitazama mimi. Ndagala wametangulizwa, na "hao" inaturudisha kwenye aya iliyopita ambamo tulikutana nao. Kiambishi -wa- kinawashika mara tatu. "Mchangani" ni mahali panapojulikana, hapaelezwi. Hu- inasema kwamba ni desturi, na mwenye kuisema ameiona desturi hiyo. Na mwishoni, "hawana wa kuwanunua": samaki ndio waliokosa mnunuzi, wala si muuzaji. Hakuna mashine niliyoijaribu iliyonipa sentensi ya namna hii bila ya kuombwa. Alama zote za mtu anayejua jambo na anayejua anamwambia nani zilikuwamo, mbele ya macho yangu, nami nilikuwa nikitafuta makosa ya tahajia.

Nilizirudisha alama zake. Lakini baraza la mitihani lilikuwa limekwisha kukaa na orodha imekwisha kubandikwa ukutani, ikambidi arudie mtihani katika kipindi cha pili, likizo yake yote ikapotelea mjini hapa badala ya kwao ziwani.

Karatasi ya vibandani na hukumu yangu ni ndugu wa tumbo moja. Mwandishi wa karatasi anaamini kwamba mtu huonekana kwa makosa yake, nami niliamini vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba yeye aliuza fotokopi na mimi nilitoa sufuri. Na imani hiyo inawaumiza hasa wale waliojifunza lugha kwa bidii. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba zinazodaiwa kubainisha maandishi ya mashine. Walizipa insha 91 za Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihesabiwa kuwa za mashine. Sababu yake inaeleweka: programu hizo hupima jinsi neno linalofuata linavyotazamiwa, na mwenye msamiati aliojifunza darasani huandika maneno yanayotazamiwa. Kampuni ya OpenAI nayo ilitoa chombo chake cha kubainisha mwezi Januari 2023, ikakiondoa mwezi Julai mwaka huohuo kwa kuwa usahihi wake ulikuwa mdogo.

Tuliweke jambo hili katika hali ya Kongo. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na Kamati iliyoanzishwa mwaka 1930 ilikuwa ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa kwa mujibu wa katiba yetu ya mwaka 2006, lakini sura yake sanifu ni nyumba ya jirani ambamo tumekaribishwa. Mwanafunzi wa Lubumbashi anayekiandika vizuri amejifunza, na kilichojifunzwa lazima kisikike kuwa kimejifunzwa. Tukiita sauti hiyo ya mashine, tutakuwa tunamwadhibu kwa kutufuata. Na akiikimbia sauti hiyo kwa kujitia uenyeji wa bandia (hapa neno bandia linastahili), tutampa alama nzuri kwa kututania.

Namna ya kufanya

Wapo wenzetu wanaotaka mashine ipigwe marufuku kabisa. Hatuoni jinsi marufuku hiyo itakavyotekelezwa, na hatuna hakika kama ni ya haki. Mwanafunzi ambaye hana kamusi nyumbani, na ambaye maktaba hufungwa kabla ya yeye kurudi kutoka kazini, akiiuliza programu maana ya "kinzani" au wingi wa "ukuta", hajatenda dhambi. Hata akiiomba impangie sura zake, twaweza kumvumilia. Jambo lililo wazi ni kwamba aya iliyotungwa na mashine haiponi kwa kupakwa. Yafaa ivunjwe. Mwandishi aifunge simu, ajiulize anamwambia nani na huyo anajua nini tayari, kisha aandike upya kwa kichwa chake. Mara nyingi atagundua kwamba aya ya mashine ilikuwa na sentensi moja tu yenye habari, na pengine hata hiyo haikuwamo.

Tulilijaribu hilo darasani na wanafunzi wa mwaka wa pili, kwa aya ileile ya samaki. Tuliwaambia waiandike upya kana kwamba wanamwandikia shangazi aliyewahi kuuza samaki. Haikuwa lazima kuwafundisha kitu. Ule "uuzaji wa samaki" ukatoweka katika karatasi nyingi, wakaja wauzaji wenyewe. "Changamoto mbalimbali" zikawa barafu iliyoyeyuka njiani na gari moshi lililochelewa. Viambishi vya yambwa vikarudi vyenyewe, kwa kuwa shangazi anawajua samaki. Mmoja aliandika "wale migebuka uliotuletea mwaka ule", na darasa zima likacheka, kwa maana kila mmoja alimwona shangazi huyo. Haikuwa insha ya chuo kikuu, ni kweli. Ilibaki kazi ya kuirudisha katika lugha ya kitaaluma bila ya kumfukuza shangazi, na kazi hiyo ilituchukua majuma matatu, hatukuimaliza.

Katika usahihishaji tumebadili jambo moja tu. Kila anayeleta kazi huitwa kwa dakika kumi, akafunguliwa ukurasa wowote na kuulizwa nani alimwambia hayo. Si mtihani wa kumnasa. Aliyetembelea soko hutaja soko, na aliyesoma kitabu hutaja kitabu, hata akisahau jina la mwandishi. Asiyekuwa na jibu hutazama dari. Dakika kumi mara wanafunzi sitini ni saa kumi, nasi hatulipwi kwa saa hizo. Tunalisema hili ili lisikike katika ofisi zinazohusika.

Nakala ya makala haya nilimpa msichana wa Kalemie aisome kabla ya kuchapwa, kwa kuwa nimemtaja. Aliirudisha baada ya siku mbili. Juu ya sehemu inayohusu kosa langu hakuandika kitu. Lakini mahali ambapo mimi, kwa kutaka kuonekana mjuzi wa ziwa, nilikuwa nimeandika sentensi juu ya migebuka wanaoanikwa mchangani, aliipiga mstari mwekundu kutoka mwanzo hata mwisho na kuandika pembeni: "Mchangani ni ndagala. Migebuka hukaushwa kwa moshi. Nani alikuambia haya, Mwalimu?"